Mitungi Arobaini Mitupu

Wiki hiyo nilikuwa na hasira na kila mtu, na hasa tovuti moja ya kompyuta ambayo wala haikuwa imenikosea. Tasnifu yangu ya uzamili ilipaswa kumfikia mwalimu Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na nilikuwa nimeshaongezewa muda mara mbili. Mara ya tatu hakuna, aliniambia. Nikikosa naondolewa kozini, na miaka yangu mitatu inakwenda na maji.

Nilikuwa natafuta kwa hesabu jinsi mto unavyofurika katika mtaa wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi. Laptop yangu ingeifanya hesabu hiyo mpaka nizeeke. Ndipo mwalimu akatuombea, mimi na mwanafunzi mwenzangu, nafasi kwenye mtambo mkubwa: mamia ya kompyuta za vyuo mbalimbali zilizounganishwa zifanye kazi kama moja. Huendi huko kwa miguu. Unaingia kwenye tovuti yake ukiwa umekaa kitandani kwako mtaani Tassia, unapakia kazi yako, unasema unataka kompyuta ngapi kwa saa ngapi, kisha unangoja foleni. Sisi wawili tulipewa fungu moja la saa, tutumie pamoja.

Huyo mwenzangu alikuwa pia jirani yangu, mama wa watoto wawili, anakaa chini kabisa nami niko orofa ya sita. Naye Ijumaa hiyohiyo ilikuwa inamngoja. Kazi yake ilikuwa fupi, ya saa chache tu. Alikuwa bado anasafisha takwimu zake, aitume Alhamisi.

Kwenye ploti yetu, jengo letu la kupanga, maji huja Jumanne na Jumamosi, na ukitaka kuchota unapanga mtungi. Mtungi mtupu ukishakaa kwenye laini, ni wewe umekaa pale. Nenda kazini, nenda kanisani, hakuna atakayeusogeza. Jumamosi nikiwa chuoni, yeye ndiye aliyenipangia wangu, niliokuwa nikiuacha kwake, nyuma ya wake. Sikuwahi kumwomba. Nikirudi naukuta mlangoni kwake, umejaa, umefunikwa kwa sahani.

Basi Jumatatu nikatuma kazi yangu. Inasubiri. Jumanne asubuhi, bado inasubiri. Nikaona kazi ndogondogo za watu wa vyuo vingine zinanipita, nikachemka. Yaani mimi mtu wa Eastlands, mitaa ya kupangia maji, nifundishwe foleni na nani? Nikatuma kazi nyingine arobaini, zote tupu, kama mitungi ya kushikia nafasi. Ndani yake hamkuwa na hesabu, ila amri ya kungoja. Kila moja iliomba kompyuta chache, ili ipenye upesi, lakini kwa saa nyingi. Zikishaingia, nilijiambia, nitazigawia ile kazi ya kweli vipande vipande. Nilijiona mjanja kweli. Nikashuka nikanunua chapati mbili, nikala nimesimama.

Jumatano transfoma ya mtaa ikaharibika. Laptop ikazima, simu ikazima, nami nikashinda ndani nikiwatukana watu wa stima.

Stima ziliporudi Alhamisi asubuhi nikaingia kwenye tovuti. Kazi zangu tupu zilikuwa zimeingia zote arobaini. Zilikuwa zimekaa kwenye kompyuta za watu siku nzima zikiningoja, hazifanyi lolote. Kando yake, palipoandikwa saa tulizobakiza, palikuwa na sifuri. Kazi yangu ya kweli ilikuwa imekataliwa kwa kukosa saa.

Nikampigia msimamizi wa mtambo. Alikuwa mpole, jambo lililoniudhi zaidi.

"Ndugu yangu," akasema, "hapa ukishashika kompyuta saa zinahesabika, uitumie usiitumie."

"Tuongezee kidogo tu. Ni ya kesho."

"Ombi linapitia kwa kamati. Wiki mbili, kama wana haraka."

Nilimsihi. Wacha niseme ukweli, nililia, mtu mzima na simu sikioni. Akaningoja nimalize, akanipa pole, akakata. Nilikuwa nikijililia mwenyewe. Ni baada ya kuweka simu chini ndipo nilipokumbuka kwamba zile saa hazikuwa zangu peke yangu.

Nilishuka zile orofa sita. Nilimkuta mlangoni akifua nguo za watoto, laptop yake iko juu ya stuli, tayari.

"Nimemaliza takwimu," akaniambia. "Natuma sasa hivi."

Nikamweleza yote. Sikuficha kitu. Alinisikiliza mikono ikiwa ndani ya beseni, na nilipotaja mitungi karibu acheke, kwa sababu alinielewa kuliko mtu mwingine yeyote.

"Arobaini?"

"Arobaini."

"Na kati ya hiyo arobaini, ulinipangia hata mmoja?"

Sikumpangia. Wala wazo hilo halikunijia akilini.

Ijumaa saa sita ilipita sote tukiwa mikono mitupu. Mimi niliondolewa. Yeye aliambiwa arudie mwaka, na hakuwa na mwaka wa kurudia. Alirudi kwenye biashara yake ya zamani ya mitumba.

Jumamosi maji yakaja. Nilikuwa nimejifungia ndani tangu jana yake, sitaki kuonana na mtu. Nilipojikaza nikashuka, nikauona mtungi wangu kwenye laini, nyuma ya wake. Heri angeupiga teke.