Mume Wangu Aliongoza Mbio, Mimi Nikaitwa Mchawi

Mume wangu alikuwa wa kwanza. Mbele ya Wazungu, mbele ya Waethiopia, mbele ya Wakenya wenzake.

Halafu akatoka barabarani.

Hakuanguka. Hakushika mguu. Alisogea tu kando, akasimama, akaanza kuwapigia makofi waliokuwa nyuma yake.

Tulikuwa tunaangalia kwa TV ya hoteli ya Abdulghani, hapa Machakos mjini. Ilikuwa Jumapili, mwaka wa 1999, na watu walijaa hadi mlangoni. Kwa zile kelele, hakuna aliyesikia mtangazaji anasema nini.

Alipotoka vile, watu wote wakasimama.

Mama mkwe wangu, Kalondu, alishika kichwa. "Ngai! Mtoto wangu amefanywa nini?"

Kwa wale hawanijui, naitwa Nthenya. Niliolewa kijiji cha Muthetheni na Musembi, kijana aliyekuwa anakimbia kila asubuhi kabla hata ng'ombe hawajakamuliwa. Meneja mmoja alimwona kwa mashindano, akampeleka Ulaya kukimbia marathoni.

Siku aliyoondoka tulichinja mbuzi.

Mnajua vile ilikuwa miaka ile. Kila gazeti lilikuwa na mwanariadha aliyenunua shamba au kujenga fleti. Kwa hivyo Muthetheni nzima ilijua Musembi akirudi anarudi na gunia la pesa. Kanisa lilimtaja kwa maombi ya jengo jipya. Kalondu alikuwa ameshaita fundi akachimba msingi wa nyumba ya mawe.

Lakini kile Musembi alikuwa anatuma kilikuwa cha unga, sukari na dawa ya mtoto. Basi.

"Subirini," alikuwa anasema kwa simu. "Mwaka huu nashinda."

Oktoba akakimbia tena. Tukajaa tena kwa Abdulghani. Akaongoza tena, mbio kama swara, mpaka kilomita ya thelathini.

Akatoka tena.

Safari hii watu hawakuangalia TV. Waliniangalia mimi.

Wiki iyo hiyo Kalondu aliacha kula chakula nilichopika. Nikipita sokoni, wanawake wananyamaza. Nikisalimia, mtu anajibu akiwa ameangalia pembeni. Nikajua kuna kitu.

Jumamosi nikaitwa uani. Josphat, baba mdogo wa Musembi, alikuwa amekaa na wazee wanne wa ukoo.

"Nthenya, tunauliza kwa upole. Miguu ya Musembi umeifunga na nini?"

Nilidhani anatania.

"Mzee, mimi nimfunge mume wangu? Tutakula nini?"

"Jibu swali."

Walikuwa wameshaingia nyumbani kwangu. Kalondu akatoa soksi za Musembi, zile za zamani, nilizokuwa nimeweka kwa sanduku. Nilikuwa nimezifunga pamoja fundo moja. Kila mwanamke hufanya hivyo ili soksi moja isipotee.

Kalondu alizishika kwa vidole viwili kama kitu kimeoza.

"Fundo ndiyo hii," akasema. "Uoi ndiyo huu, uchawi wenyewe."

Nililia nikaapa kwa Mungu. Nikaapa kwa mtoto wangu. Hakuna aliyesikia. Sijui kama ushawahi kuambiwa wewe ni mchawi na watu uliowapikia miaka yote. Unajaribu kuongea na unaona kila neno linawafanya wazidi kuamini.

Walinifukuza, nikaondoka na mtoto wangu Kasiva mgongoni na nguo ndani ya lesso.

Nilienda kwa mtu mmoja tu niliyemjua mjini, Maryam, mke wa Abdulghani. Hakuniuliza maswali.

"Ingia, dada," akasema. "Mpe mtoto uji kwanza."

Wakanipa kazi ya kukanda chapati na chumba nyuma ya jikoni. Musembi alikuwa na namba ya ile hoteli, na jioni moja akapiga.

"Musembi, nimefukuzwa. Wanasema nimekufunga miguu."

 

"Vumilia, Mama Kasiva. Nikija Desemba nitaongea na wao."

"Na wewe unaamini nimekuroga?"

"Kadi ya simu inaisha," akasema. Simu ikakatika.

Hilo jibu liliniumiza kuliko zile soksi. Nilikaa na hilo jibu wiki nyingi. Nilianza hata kujiuliza, labda kuna kitu nilifanya bila kujua? Ukweli wa Mungu, nilifika hapo.

Mpaka siku Mbithi alipoingia kunywa chai.

Mbithi alikuwa amekimbia Ulaya na mume wangu, ametangulia kurudi. Akaniona nimejaa unga mpaka kwa nyusi.

"Shemeji! Sasa wewe unafanya nini hapa?"

Nikamweleza yote. Nilitarajia anionee huruma. Badala yake alinitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

"Kurogwa? Shemeji, hiyo ndiyo kazi yake! Yeye ni rabbit."

"Ati sungura?"

"Analipwa aende mbele awakatie wale mastaa upepo, awawekee spidi. Wakifika thelathini anatoka, wao wanamalizana. Kontrakti inasema hivyo. Mbona, hakuwaambia?"

Nilikaa chini, pale pale kwa gunia la unga.

Akanieleza pole pole. Mshindi ndiye anabeba zile pesa za magazeti. Sungura ana malipo yake, kidogo, yamepangwa kabla. Hapo meneja anakata yake, serikali ya kule inakata, tiketi ya ndege inakatwa, na ile nyumba wanalala vijana wanane, chakula juu yao. Mwaka ambao goti linauma, hakuna kitu. Mbithi alisema ukigawanya kwa miezi, mwalimu wa shule ya msingi anawashinda.

"Na si aibu," akasema. "Hakuna rekodi inavunjwa bila sisi."

Desemba Musembi alikuja. Alinipata jikoni. Sikumpa mkono.

"Wewe ni sungura," nikamwambia.

Aliangalia sakafu. "Nani amekuambia?"

"Kwa nini si wewe?"

"Mama ameambia soko yote mimi ni bingwa. Msingi umechimbwa. Niwaambie nini, kwamba nalipwa nikimbie nisimalize? Watanicheka mpaka nizikwe."

"Kwa hivyo afadhali bibi mchawi."

Nikavua aproni, nikamwambia, "Twende Muthetheni. Sasa hivi."

Tulipofika, Kalondu alikimbia kumkumbatia mwanawe, kisha akaniona. Akarudi nyuma.

"Huyu amefuata nini?"

"Ongea," nikamwambia Musembi.

Josphat alikuwa amefika, na majirani wameanza kusimama kwa ua. Musembi akaongea. Sauti ilikuwa ndogo mpaka Josphat akamwambia arudie. Akasema yote: kazi, malipo, makato, kutoka kilomita ya thelathini.

"Hakuna mtu alinifunga," akamalizia. "Nthenya hana makosa. Ninyi mlimwonea bure."

Nilidhani yameisha. Nilianza hata kupumua.

Kalondu alikuwa anamwangalia mtoto wake. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Sisi tulimwonea?" akauliza. "Musembi. Si ni wewe ulinipigia simu, ukaniambia unasikia miguu inafungwa? Si ni wewe ulisema hiyo kitu inatoka ndani ya nyumba yako?"



Nilimgeukia mume wangu nikingoja akatae. Hata kwa uongo, angekataa tu.

Hakukataa.

Mnaelewa? Sungura hachangishi harambee. Sungura hajengi nyumba ya mawe. Lakini bingwa aliyerogwa bado ni bingwa. Alihitaji mtu wa kumroga, na mimi ndiye nilikuwa karibu.

Sikupiga kelele. Nilimbeba Kasiva nikaanza kutembea kuelekea stendi.

Nyuma yangu nilisikia viatu vya plastiki vinakimbia. Ni Kalondu. Alinishika mkono mbele ya ule umati wote, akapiga magoti kwa vumbi, mama mzima wa umri ule.

"Mimi nilikuaibisha mbele ya watu," akasema. "Acha wanione na mimi."

Nilimwinua.

Kwa Musembi sikurudi. Alikimbia miaka mingine minne, safari hii akisema wazi yeye ni nani, na ile pesa kidogo ilisomesha Kasiva. Hilo sitamnyima. Lakini kitanda kimoja, hapana.

Kalondu ndiye alihamia kwangu Machakos alipozeeka. Anayemwogesha na kumlisha ni yule mchawi.

Kama una mtu yuko mbali anatafuta riziki, muulize anafanya kazi gani kabla ya kumuuliza ameleta nini. Na wewe uliye mbali, waambie wa nyumbani unalipwa ngapi, hata kama ni aibu. Ukificha, kuna mtu wako atabebeshwa hiyo aibu, na hata hatajua ni wewe umemtwika.