Betri Mbili za Trela ya Griftu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile redio ya trela ya zahanati ilipokataa kusema pale Griftu, upande wa Wajir, na kosa lilikuwa langu. Nalitaja mapema, maana siku ile nilichelewa kulitaja.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, wale waasi wa msituni waliopigana na serikali. Nilikuwa na umri kama wako, nimetoka kujifunza ufundi Isiolo, na kichwa kimenivimba kweli. Nikaajiriwa kuitunza trela ile: chumba cha bati chenye magurudumu, ndani kina kitanda, kabati la dawa, taa na redio ya kuzungumza na Wajir. Gari lilituvuta hadi pale likarudi zake, na halikuweza kuja tena ila liitwe kwa redio na lisindikizwe na askari. Mkubwa wangu alikuwa Sista Ruth, muuguzi aliyetoka Kenya. Ndivyo tulivyosema huku kwetu kwa kila kilichokuwa ng'ambo ya Mto Tana, na wengine hata leo hawajaacha.

Vyombo vyote vilitegemea betri moja mpya, na injini ndogo ya kuichaji. Mimi nikataka makubwa. Nikamwahidi Sista feni. Nikaomba betri kuukuu kwa mwenye duka, nikaichaji, ikashika kidogo kisha ikalegea. Niliona kwa macho yangu. Hata hivyo nikaiunganisha na ile mpya, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nikamwambia Sista zote ni nzima. Feni ikazunguka, watu wakaja kuitazama, nami nikatembea kifua mbele.

Asubuhi ya siku ya tatu shangazi yangu, eeddo Habiba, akamleta binti yake Sahara. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana na mtoto amekaa vibaya tumboni. Sista akampima, akasema lazima afike Wajir leo, akashika redio. Kimya. Betri kuukuu ilikuwa imeinyonya ile mpya mpaka zote mbili zikaisha.

Askari aliyelinda trela akanigeukia. "Huyu ameiua redio makusudi," akasema. "Ndugu zake wako msituni." Siku zile neno kama hilo lilitosha kumpoteza mtu. Niliogopa sana, na woga ukanizidishia ujinga. Petroli ya injini ilibaki ya saa moja tu, nami nikaanza kufunga nyaya nizichaji betri zote mbili kwa pamoja, ili yeyote asijue kwamba moja ni mbovu.

Eeddo Habiba alikuwa mlangoni, amemshika bintiye mkono. Umeme hakuujua, lakini misafara ya ngamia aliikulia. Akaniuliza kwa Kisomali kwa nini nafunga nyaya kwa haraka hivyo, nami nikamweleza yote, kwa sababu kwa eeddo sikuwahi kuficha kitu kikafichika.

"Ngamia akilegea njiani," akasema, "tunamfungua kamba kwanza, ndipo tunamshughulikia. Ukimwacha amefungwa na mwenzake, akianguka ataanguka na yule mzima. Wewe unaona haya, ndiyo maana hutaki kumfungua. Mfungue. Halafu mwambie huyu mama ukweli kwa mdomo wako."

Nikaufungua waya. Nikasimama mbele ya Sista, na askari anasikia. "Betri ya pili ni mbovu, Sista. Nilijua tangu mwanzo. Nilikudanganya kwa ajili ya feni."

Sista akanionyesha injini kwa kidole. "Basi usisimame hapo," akasema. "Washa injini."

Askari akataka kusema tena. Eeddo akamkatiza kwa Kiswahili chake kisichojua p: "Afande, hii kijana iko mjinga tu. Shifta habana. Wacha maneno, letea maji huyu mgonjwa." Na afande, sijui kwa nini, akaenda kuleta maji.

Nikaichaji ile mpya peke yake. Petroli ilipokaribia kwisha, redio ikakoroma, kisha sauti ya Wajir ikaitika. Nililia, sikuficha. Alasiri gari likafika na askari wake, na kesho yake tukaambiwa Sahara amejifungua msichana, wote wazima.

Sista akataka nitupe ile betri kuukuu. Eeddo aliporudi na bintiye kutoka Wajir akakataa. Petroli ilipoletwa nikaichaji peke yake, polepole, siku nyingi. Redio haikuiweza, lakini iliwasha taa ndogo ya juu ya kitanda mwaka mzima. Na redio? Sista aliniachia mimi niitunze, mimi yule yule niliyemdanganya.

Sasa nasikia wewe na wenzako hapo Garissa mnaunganisha nguvu, mfungue karakana ya sola. Nimefurahi. Ila kabla hamjafungana, mwanangu, kila mmoja aseme pale alipo dhaifu, na wewe uanze. Usijifiche nyuma ya nguvu za mwenzako, utammaliza naye hajui. Na ukimkuta aliyelegea, usimtupe. Mfungue, mpe muda wake, mrudishe kwa kazi anayoiweza.

Mungu akupe ulimi usiochelewa kukiri, akupe na watu wa kukusikiliza ukishakiri. Na siku utakapoita ukiwa mbali, akujalie wa kukuitikia. Amin.