Gauge ya turbo yangu ilikuwa inasema kila kitu kiko sawa, na aliyeifunga anataka kuoa sister yangu

Wakuu, niaje.

Hii sikuskia kwa mtu. Gari ni yangu, sister ni wangu, na wote bado wako, kwa hivyo sitaongeza chumvi.

Kwanza mjue mimi ni mtu wa kushuku. Nikipewa chenji naiangalia kwa mwanga. Bibi yangu anasema hata pastor akinisalimia mimi naangalia ule mkono wake mwingine. Sawa, nimekubali.

Nauza chakula ya kuku hapa Bahati. Nina station wagon ya turbo, ile mnaskia kabla muione. Mech wangu ni Kamau, ako na garage Nakuru town. Ni kuniletea gari nyumbani ndio alipatana na sister yangu Wambui, na juzi tukawa tunapanga ruracio, wazee wa kwao waje kwetu Subukia kuongea mambo ya mahari. Kwa hivyo mech, rafiki, na karibu shemeji. Shikeni hapo.

Nilitaka gari iwe na nguvu zaidi, nikamwambia Kamau aongeze boost.

Kwa wenye hawajui: turbo inasukuma hewa kwa engine, na huo msukumo ndio boost. Ukiongeza hewa, lazima uongeze petroli. Petroli ikishindwa kufikia hewa, hiyo ndio wanaita lean. Joto inapanda, engine inaanza kugonga, na piston zinayeyuka wewe bado ukiskia utamu. Ndio maana tulikubaliana aweke fuel pump kubwa, pamoja na gauge ya kuonyesha petroli na hewa zinachanganyika aje.

Nikachukua gari. Gauge inawaka blue kwa dashboard, 11.5, yaani hewa 11.5 kwa petroli moja. Kamau akaniambia, "Boss, ukikanyaga na ikae hapo, lala."

Nikampigia nikiwa njiani: iko 11.5. Kesho yake nikampigia tena: 11.5. Nikampigia hata akiwa church. Kila mara, "Si nilikuambia? Iko poa."

Shida ni kwamba ilikuwa poa sana.

Manze, gari ikinguruma tu imesimama, 11.5. Nikikanyaga, 11.5. Hata mtu mzima wa afya joto yake hupanda na kushuka! Nikashuku petrol station, nikabadilisha. Nikashuku watu wa car wash, pengine wamemwagia waya maji. Halafu nikaanza kushuku Kamau, na hapo nikanyamaza, juu ukimshuku huyo mbele ya Wambui utakula ugali kavu.

Jumamosi nikawa nashuka kwetu Subukia. Kwa ule mteremko nikatoa mguu kabisa kwa accelerator, gari ikiwa kwa gear. Hapo engine hukatiwa petroli, inabaki hewa tupu. Gauge inafaa kuruka mpaka mwisho.

11.5.

Nikarudia kona ya mbele. 11.5. Jasho ikanitoka na kulikuwa na baridi. Jumatatu yake nilifaa kumpandisha mathe, mama yetu, hiyo hiyo mlima, aende kuangaliwa macho Nakuru.

Kufika home sikusalimia mtu. Niliingia chini ya dashboard na tochi ya simu. Waya ya gauge inafaa kufika kwa sensor, huko kwa exhaust. Hii ilikuwa imeishia nyuma ya redio, kwa kasakiti kadogo kamefungwa tape nyeusi. Kazi yake ni kutuma number moja, basi. Sensor yenyewe haikuwa imeunganishwa na kitu chochote.

Wambui akanikuta hapo miguu nje. Nikamwonyesha, nikamweleza. Akavaa sweta akasema, "Twende kwake."

Tulipanda ile mlima pole pole hadi lori za kabichi zikatupita. Nilipitia garage ingine kwanza, juu hata hasira yangu inataka ushahidi. Wakafungua. Fuel pump ni ile ile ya zamani. Plugs zimekuwa nyeupe kama chaki, alama ya lean, na moja ina vidoti vya chuma vya kung'aa. Hiyo ni piston ikianza kuyeyuka, wakuu. Wakaniambia kupanda moja tu ya kukanyaga sana ingenimaliza.

Tukamkuta Kamau kwa garage yake akinywa chai. Hakukataa. Hiyo nampea.

"Pump niliagiza haijafika," akasema. "Nilitaka kuiweka kimya kimya ikikuja."

"Na boost uliongeza ya nini?"

"Si ulisema unaitaka wikendi? Halafu nakujua, boss, ungenipigia kila saa. Nikaona nikupe number ya kulala nayo."

Ati ya kulala nayo! Na Jumatatu mathe wangu angekuwa ndani! Nilitafuta spana ya kurusha.

Wambui ndiye alinishinda. Hakupandisha sauti. "Kamau, mimi nikikuuliza uko aje, huwa unanijibu nini?"

Akaangalia chini. "Poa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na huwa ni poa?"

Akatingisha kichwa. Akaanza kuongea. Yale alisema ni yao, sitaandika hapa, lakini aliongea mpaka chai yake ikaganda juu. Wambui akamwambia ruracio isimame kwanza. "Sijasema sikutaki. Sijui tu ni nani huwa ananijibu."

Pump mpya ilifungwa na garage ingine, mimi nikiwa nimesimama juu yao. Boost tukashusha.

Yangu ni hii: usiongeze boost kabla ya petroli, hata ukibembelezwa. Toa plugs mara kwa mara uzisome. Ukiskia engine ikigonga, toa mguu hapo hapo. Na gauge yenye haibadiliki usiiamini, hata kama imefungwa na ndugu yako. Yangu siku hizi inaruka ruka, na ndio nalala.

Sasa, jana Kamau alinipigia mwenyewe. Alikuwa ameniona nikipita town. "Boss, kuna noise nimeskia kwa hiyo gari na siielewi. Usikanyage mpaka niijue."

Wambui alikuwa kando yangu, simu iko loudspeaker. Akauliza, "Amesema haelewi?"

Nikamwambia ndio.

Machozi yakamlenga, akacheka. "Mwambie wazee waje."

Nyinyi mnaonaje, wakuu? Mimi nimekubali, roho upande. Lakini hiyo siku, wazee wakiwa kwa chai, mnitafute chini ya dashboard ya gari wamekuja nayo.