Siri Niliyoipeleka Angani

Ilianza Alhamisi, saa nane na dakika kumi mchana, kipindi cha Kiswahili. Mwalimu wetu alichomoa daftari langu katikati ya rundo la insha akasema, "Leo mtasikiza kitu." Niliinamisha kichwa. Mimi ni yule mtu ambaye hata rejista ikisomwa huitikia mara mbili, kwa sababu ya kwanza haisikiki.

Ilikuwa hadithi yangu ya chombo cha angani. Niliianza kidato cha kwanza, sasa niko cha tatu. Zamani ilikuwa na kapteni asiyeogopa chochote, anapigana na majitu ya sayari nyekundu na kushinda kila ukurasa. Muhula uliopita mwalimu aliisoma akaniita kando. "Sayari ni rahisi," alisema. "Hawa watu wako wanakula nini? Nani anafua? Nani anamwogopa nani? Niambie mtu wako anadanganya lini, hapo ndipo nitamjua."

Mimi sijafika mbali. Najua Kericho mjini, Mogogosiek nilipoenda mazishi, na kwa nyanya kule ziwani. Kwa hivyo nilichukua nilichokuwa nacho, yaani laini yetu, zile nyumba za wachumaji ndani ya shamba la chai, nikaipeleka angani.

Katika chombo changu wanawake wanakwangua barafu kwenye kuta, maana barafu ndiyo inayoyeyushwa kuwa maji na hewa. Kila mmoja ana mtungi mgongoni. Jioni mitungi inapimwa, na ambaye mtungi wake ni mwepesi siku nyingi anashushwa kwenye kituo kinachofuata, hata kama hapo hana mtu. Mmoja wao mkono wake wa kulia umekufa. Basi wenzake watatu kila jioni wanamimina barafu kidogo kidogo kwenye mtungi wake, na wakati huo mmoja wao anamgombeza karani kwamba mizani yake ni mbovu, ili asigeuke.

Sikubuni hata kidogo hapo. Mwenye mkono ni jirani yetu, ukuta mmoja na sisi, mjane mwenye watoto watatu. Bega lake lilikwisha tangu mwaka jana. Mama na wenzake wawili humtilia majani kwenye kikapu kabla ya kupimwa. Anayemgombeza karani ni mama. Tangu mashine za kuchuma zije, wasimamizi wanatafuta sababu tu. Ukishindwa kilo unaambiwa ukapumzike, na mwisho wa mwezi unarudisha ufunguo wa nyumba.

Haya yote niliyajua, na bado niliyaandika. Nilikuwa nafikiri juu ya hadithi. Nilitaka mwalimu amjue mtu wangu.

Akasoma yote, mpaka mwisho. Halafu msichana wa dawati la nyuma, binti wa karani anayepima majani ya laini yetu, akacheka.

"Mbona huyu karani wa anga anakohoa kama babangu?"

Wakacheka wote.

"Na huyo mama wa kelele kwa mizani, si ni mamako? Wewe, hii si anga. Hii ni kwetu."

Hakuwa na ubaya. Najua alienda akaisimulia nyumbani kama kichekesho, wakinywa chai. Mwalimu naye alifurahi sana. Alisema ataituma kwenye mashindano ya shule za kaunti, akaitia kwenye bahasha.

Saa moja jioni karani alibisha kwa jirani. Ukuta wetu ni mwembamba, tulisikia kila neno.

"Mama, kesho utachuma mstari wa mwisho, peke yako. Na utapimwa wa kwanza."

"Kuna nini, karani?"

"Hakuna kitu. Nataka tu kuona huo mkono."

Alipoondoka, jirani alikuja kwetu akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakulia. Alisema peke yake hafikishi hata nusu, na hana pa kupeleka watoto. Shamba la marehemu mumewe shemeji alishalitwaa, analilima yeye.

"Nani ametuuza?" akauliza.

"Ni yule mgeni," mama akasema. Alimaanisha mwenzao wa tatu, aliyetoka Siongiroi mwaka huu. "Tangu aje nilisema, ule mdomo haufungi."

"Lakini yeye ndiye hunipa mengi."

"Ndiyo maana anajua hesabu ya kumpelekea karani."

Mimi nilikuwa nimeshika tonge. Mama akaniangalia. "Na wewe mbona huli? Ama chakula cha kwetu hakifiki huko kwa nyota zako?"

Nikala. Hapo ndipo ningesema, na sikusema. Niliwaacha wamseme mama wa watu mpaka jirani alipoenda kulala.

Asubuhi, Ijumaa, niliondoka mapema nikapanda hadi nyumba za makarani. Yule baba alikuwa mlangoni anavaa gambuti.

"Habari ya asubuhi, mzee. Ile hadithi si yangu. Niliinakili kwa kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha kuazima. Nilirudisha."

"Na kitabu kinajua mimi nakohoa?"

"Hiyo niliongeza mimi. Nilitaka kuchekesha watu."

Nadhani hakuniamini, na nadhani pia hakutaka sana kazi ya kumfukuza mjane. "Saa nne nitampigia mwalimu wako," akasema. "Akiniambia ni ya kunakili, huyo mama nitamrudisha kwa wenzake. Akiniambia ni yako, basi nimepata ushahidi." Akavuta gambuti la pili.

Nilifika shuleni kabla ya kengele. Mwalimu alikuwa peke yake kwenye chumba cha walimu, bahasha iko mbele yake, ameshaandika anwani.

"Madam, ile hadithi niliinakili."

"Nusu yake umeiandika nikikuona."

"Niliinakili."

"Yote?"

"Yote."

Akaniuliza kama kuna mtu amenitisha. Nikasema hapana. Akaniuliza tena, taratibu, nikasema hapana. Uso wake ukabadilika, na huo ndio uso anaoniangalia nao mpaka leo. Alitoa kurasa zangu kwenye bahasha, akanisukumia karatasi tupu na kalamu.

"Andika hapa kwa mkono wako kwamba uliiba kazi ya mtu."

Nikavuta kiti, nikaandika, nikatia sahihi.