Biriani ya Mpishi Asiyeonja

Bi Ashatu binti Pazi alikuwa na jambo moja la kujisifia, na alijisifia mpaka watu wakachoka: kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepika futari bila kuonja. Wapishi wengine wa Bagamoyo wakiwa wamefunga hudondosha mchuzi kiganjani, wakaugusa kwa ncha ya ulimi na kutema, na masheikh wanasema hapana ubaya. Yeye aliona huo ni udhaifu wa mkono. Mpishi anayeijua kazi yake, alisema, hupika kwa jicho, na chumvi huipima kwa vidole vitatu. Ukimbishia, alikutazama kama mtu aliyeingia msikitini na viatu, halafu akaendelea kukaanga vitunguu vyake.

Alikuwa mpishi wa mgahawa wa Amin, ule wa mabenchi ya kijani karibu na soko la samaki. Baba yake Amin ndiye aliyemchukua kazini, Bi Ashatu akiwa mjane kijana mwenye watoto wawili. Mzee alipofariki, mgahawa ulibaki kwa mtoto na Bi Ashatu akabaki jikoni. Siku za kawaida walikuja wavuvi, walimu, vijana wa bodaboda na watalii wawili watatu waliopotea njia, wakala wali kwa samaki wa nazi na kwenda zao. Ijumaa ilikuwa habari nyingine. Baada ya sala watu walitoka Kaole, Zinga, hata Dar es Salaam na magari yao, kufuata biriani ya Bi Ashatu, na aliyechelewa alikuta ukoko.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama, aliugua. Homa na mafua vilimlaza siku tisa. Alipoinuka, Tina alimletea chai nyumbani. Huyu Tina alikuwa binti wa Kikristo kutoka Miono, msaidizi wake wa jikoni kwa mwaka wa tatu sasa, mpole, mwenye mikono mirefu na maneno machache. Bi Ashatu alikunywa funda moja akamgombeza kwa kusahau sukari. Tina akaweka sukari. Akagombezwa tena. Alipoondoka, Bi Ashatu alifungua kopo la karafuu, akalitia pua mpaka ndani, na hakusikia kitu. Akafungua la iliki, la mdalasini, la bizari. Akatafuna pilipili mbichi: moto aliusikia, machozi yakamtoka, lakini pilipili yenyewe haikuwepo. Aliketi sakafuni katikati ya makopo yake akaogopa kama ambavyo hakuwahi kuogopa tangu siku aliyofiwa na mume.

Zahanati walimwambia huenda ladha ikarudi, huenda isirudi, hawawezi kujua. Hakumweleza mtu. Wanawe walikuwa mbali na maisha yao, na hata wangekuwa karibu, angewaambia nini? Mtu akiumwa mguu huitwa mama anayeumwa mguu. Mpishi akifa ulimi huitwa nani? Kila aliyemjua Bagamoyo alimjua kwa sahani. Alifikiri kwamba wakijua, hata salamu zao zitabadilika.

Kisha Ramadhani ikaingia, na kwa mara ya kwanza katika umri wake aliishukuru kwa sababu isiyo ya dini. Nani angemuuliza mpishi aliyefunga kama ameonja? Tena yeye, wa miaka thelathini na mmoja! Alipika tambi, magimbi ya nazi, maharage na kaimati kwa jicho na vidole, sahani zikarudi tupu, na akajiambia kwamba majigambo yake yote yalikuwa kweli. Sikukuu ikapita. Hapo sasa, kwa kuwa siku zisizo za mfungo alikuwa akionja kama mpishi yeyote, akaanza kuigiza. Alidondosha mchuzi kiganjani, akaulamba, akatikisa kichwa, akaongeza chumvi kidogo ili ionekane ameamua jambo. Tina alikuwa akimtazama, lakini Tina alikuwa mtu wa kutazama tu.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya mapumziko, na Jumatatu zile akaanza kutembea mikahawani. Alijidanganya kwamba ulimi umelala tu, unahitaji chakula kigeni cha kuuamsha. Kule kwenye majumba ya zamani aliingia mkahawa wa watalii, akaketi chini ya mwavuli na buibui lake, akaagiza kahawa yenye povu na keki ya chokoleti. Povu lilikuwa la moto, keki ilikuwa laini. Hayo tu. Jumatatu ya pili alikwenda Bunju akala chipsi mayai kwa achari nyingi mpaka muuzaji akamsogezea maji bila kuombwa. Ya tatu alifika Tegeta, kwenye hoteli ya ghorofa yenye feni na orodha ya vyakula ndefu, akaagiza urojo, kisha mishkaki, kisha faluda, na mhudumu akamuuliza kwa adabu kama anamngoja mtu. Alisema ndiyo. Aliona haya kusema kwamba vyote ni vyake.

Kilichomuumiza zaidi huko ni nyuso za watu. Hakuwahi kukaa upande wa wateja kwa muda mrefu hivyo. Aliona mwanamume akifumba macho kwenye tonge la kwanza, na wasichana wawili wakinyang'anyana kachumbari. Aliwaonea wivu, wivu wa kweli, wenye uchungu, akashangaa kwamba mtu mzima anaweza kumchukia mgeni kwa sababu tu anafurahia kachumbari.

Jumatatu ya nne aliteremka Mapinga. Kando ya barabara kuu, kati ya duka la mabati na ofisi ya madalali wa viwanja, Gertruda alikuwa amefungua mkahawa wa vioo kwa ajili ya watu wa Dar wanaojenga huko. Gertruda alipika chini ya Bi Ashatu miaka sita kabla ya kuolewa, na hakuna mwanafunzi aliyempenda zaidi. Alimpokea kwa shikamoo ya magoti, akamkalisha meza ya dirishani, akasema leo anakula bure, halafu akarudi jikoni kwa kuwa wateja walikuwa wengi. Mhudumu alileta chapati na maharage ya nazi. Bi Ashatu alikula polepole, akitafuta. Aliponda maharage kwa ulimi, akayasukuma shavu hadi shavu, akafuta sahani kwa kipande cha mwisho cha chapati.

Meza ya pili kijana mwenye shati la ofisini alisukuma sahani yake na kumwita mhudumu. Gertruda akatoka, akachota kijiko kwenye sahani ile, akakitema kwenye leso palepale. Umeme ulikuwa umekatika tangu jana jioni na msichana wa jikoni alikuwa amepasha maharage yaliyolala. Gertruda akageuka mbio kuelekea dirishani. Akaikuta sahani ya Bi Ashatu nyeupe kama imetoka kuoshwa.

"Mama, umeyala yote?"

Bi Ashatu alitabasamu, akamwambia mkono wake umeiva kuliko zamani.  Kwanza Gertruda alidhani anakejeliwa, maana mwalimu wake alikuwa na ulimi mkali. Akamtazama usoni, akavuta kiti, akaketi.

"Yamechacha, mama. Yananuka mpaka mlangoni."

Bi Ashatu alitazama sahani. Angeweza kutunga uongo, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Badala yake aliificha mikono yake chini ya meza. Gertruda alimshika mikono hiyo huko huko chini, na wala hakuuliza tangu lini. Alimwomba tu jambo moja, kwamba kabla ya Ijumaa amwambie Amin, kwa sababu tui likichacha Bagamoyo hakuna kijana wa shati la ofisini wa kulikataa. Kuna watoto.

Siku mbili zilizofuata tumbo lilimnyoosha. Kila alipotoka chooni aliwaza wale watoto wa Ijumaa, wanaokuja na kanzu safi wakishikwa mkono na babu zao, wanaokula chochote kinachotoka jikoni kwake kwa kuwa kimetoka jikoni kwake. Mpaka siku ile alikuwa ameogopa kupoteza jina. Sasa aliogopa jambo kubwa zaidi, na hofu hii mpya angalau ilikuwa na heshima yake. Alhamisi alasiri alimkuta Amin akipanga soda kwenye friji, akamwambia akiwa bado mlangoni, asije akapata nafasi ya kubadili nia.

"Amin mwanangu, ulimi wangu umekufa. Tangu Shaaban sijui chumvi wala sukari."

Amin aliendelea kupanga soda mbili tatu zaidi. Alikuwa mtu mwema asiyejua kushangaa kwa sauti. Akauliza kama nyama ya kesho imeagizwa. Imeagizwa. Akauliza kama Tina anaweza kupika biriani. Bi Ashatu alisema hawezi, na alisema upesi mno, hata yeye mwenyewe akajishtukia. Wakaafikiana kwamba Tina atapika na yeye ataketi jikoni kumwelekeza. Kwa hiyo usiku ule alilala akiamini kwamba bado biriani ni yake, imebadilisha mikono tu.

Ijumaa asubuhi alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi na kuamrisha. Vitunguu vikaangwe mpaka rangi hii. Mtindi kiasi hiki. Chumvi vidole vitatu, mara nne. Tina alitii kila neno, kisha akadondosha rojo kiganjani, akaonja, akakunja uso. Akakamua ndimu. Akaonja. Akaongeza chumvi, akaongeza pilipili manga, na Bi Ashatu akamkaripia kwamba ataiharibu. Tina, ambaye katika miaka mitatu hakuwahi kumbishia, alisema, "Bado, mama," akaendelea.  Moshi ulipozidi, Amin alimwomba Bi Ashatu atoke akae mbele na wateja, apumzike. Alitoka, akaketi kwenye benchi la mwisho kama mgeni.

Sala ikaisha, watu wakaingia. Sahani zilipofika, ukumbi ulinyamaza. Bi Ashatu alikijua kimya kile, akakumbuka kwamba hakuwa amekisikia kwa muda mrefu. Mtu mmoja akaomba aongezewe. Kisha meza nzima. Mtoto mmoja akalamba vidole mpaka akazuiwa. Bi Ashatu alihesabu nyuma Ijumaa moja moja, akijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho mtu aliomba kuongezewa, na hakuipata tangu kabla ya homa.

Masoud, mwalimu mstaafu aliyekuwa akila pale tangu enzi ya baba yake Amin, alinawa, akaja na sahani yake tupu mkononi, akakaa karibu naye.

"Alhamdulillahi, Bi Ashatu. Leo umepona."

Bi Ashatu akamuuliza nani alimwambia kwamba alikuwa anaumwa. Masoud akajikuna ndevu. Alitamani kulirudisha neno lile, lakini lilikuwa limeshatoka. Akaeleza kwa sauti ya chini, akitazama chini. Ijumaa moja biriani chungu, nyingine kama wali wa mgonjwa, nyingine chumvi tupu. Walikutana barazani baada ya sala, watu kama kumi, wakakubaliana. Chakula hakitiwi kasoro, na yule mama aliwalisha miaka yote hiyo. Basi kila mtu amalize sahani yake, asimwambie mtu, na wa Dar wanaokuja na magari waambiwe hivyo hivyo nje mapema. Wengine walikuwa wakila nyumbani kwanza.

Bi Ashatu alisikiliza mpaka mwisho. Kumbe sahani zile tupu alizozitegemea hazikuwa ushahidi wa mkono wake. Zilikuwa huruma. Mji mzima ulimbeba miezi miwili na hakujua, naye aliyedhani anawadanganya ndiye aliyekuwa akidanganywa. Aliona haya mpaka masikio yakawaka, na katika haya ile palikuwa na mapenzi mengi kiasi kwamba hakujua amkasirikie nani. Angeweza kukaa kimya. Masoud alikuwa amempa njia safi, ugonjwa umekwisha, mambo yamerudi, hakuna aliyefedheheka.

"Sikupika mimi," alisema. "Kapika Tina."

Masoud aligeuka kutazama mlango wa jikoni, halafu akamtazama yeye. Hakushangaa vya kutosha. Akamwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Basi mwache apike, mama."

Alimwachia sahani akaenda zake. Bi Ashatu alikaa nayo magotini mpaka ukumbi ukapungua watu. Kisha akainuka, akaingia jikoni, akaiweka kwenye karai pamoja na nyingine. Tina alikuwa akikwangua ukoko, jasho likimtiririka, na alipomwona akasimama wima kusubiri kugombezwa. Bi Ashatu alimuuliza, kwa sauti ambayo mwanafunzi humuulizia mwalimu, chumvi ya ile rojo iliingia vidole vingapi kwa jumla.

Tina alifikiri, akatafuta jibu la heshima, akalikosa.

"Sikupima, mama," alisema. "Nilionja tu."