Je, Umeelewa?

Mganga mfawidhi wa kituo chetu alitangaza kwamba sisi wa mapokezi tunaachana na madaftari, wagonjwa wataandikishwa kwenye kompyuta. Mafunzo yamo humo humo ndani ya kompyuta, kila mtu ajisomee kwa mwendo wake. Atakayefeli mtihani wa Ijumaa atahamishiwa mbali, kituo cha Yaeda Chini. Alisema "atakayefeli" huku ananiangalia mimi.

Yaeda Chini sina ugomvi nayo. Lakini nyumbani Endagikot nina mama yangu mzazi, na uji wa mkono wa mtu mwingine anautema. Nikihama, mama atakonda.

Jumatatu nikavaa vile vidude vya kusikilizia vya masikioni. Sauti ya kibinti ikaniambia, "Mambo! Karibu tujifunze." Mambo? Mimi na mvi zangu? Nikasubiri shikamoo, haikuja. Nikanuna, nikaendelea.

Kila mwisho wa somo kompyuta inauliza, "Je, umeelewa?" Chini yake kuna Ndiyo na Hapana. Sasa sisi tumelelewa hivi: mwalimu akiuliza mmeelewa, darasa zima linaitikia ndiyo, hata kama hakuna aliyeambulia kitu. Kumjibu hapana ni kumvunjia heshima. Nikabonyeza Ndiyo kwa adabu, somo baada ya somo. Jumatano nikajaribu maswali ya mazoezi, nikapata thelathini kwa mia. Nililia, sifichi.

Alhamisi nikajiuliza, huyu binti asiyejua hata kusalimia, namwonea aibu ya nini? Nikabonyeza Hapana. Akarudia tangu mwanzo, wala hakukasirika. Nikabonyeza tena. Jamani, ilikuwa tamu. Somo la kutafuta jina la mgonjwa alilirudia mara kumi na moja. Mara mbili za mwisho nilikuwa nimeshaelewa, namkomoa tu.

Ijumaa nikawashinda wote. Mganga mfawidhi akaniita ofisini kwake.

"Hongera, mama. Yaeda Chini nao wanaletewa kompyuta. Kwa kuwa umefaulu hivi, utahamia kule ukawafundishe. Umeelewa?"

Miaka yote ningeitikia ndiyo, bosi.

"Hapana," nikasema.

Akarudia taratibu. Nikamwambia bado sijaelewa. Mara ya tatu akaanzia mbali kabisa, kwamba aliyefeli angehamishwa, na mimi kwa sababu nimefaulu, nahamishwa. Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Akakuna kichwa, akaniambia nirudi mapokezi, wagonjwa wananisubiri.