Ukuta wa Kupimia Mwanga

Mume wangu wanamwita Sindano, ingawa siku hizi hagusi kamera. Ni mwembamba, ndiyo, lakini jina lilitoka kwenye kazi. Alitengeneza kamera za filamu, na alikokuwa bingwa hasa ni kwenye kipima mwanga, kile kidude chenye sindano inayocheza kumwambia mpiga picha mwanga ni mwingi au kidogo. Kikidanganya, picha hutoka nyeupe kama unga au nyeusi kama masizi.

Mafundi wengine walikuwa na taa maalumu ya kupimia. Yeye alikuwa na ukuta. Ni wa bohari inayotazamana na mlango wetu, na kila mwaka ulipakwa chokaa. Jua likifika utosini alitoka na kamera, akaielekeza ukutani, akazungusha skrubu kidogo kidogo mpaka sindano ikakaa pale anapopajua yeye. Taa huungua, alisema, ukuta haujawahi kuomba likizo. Mimi nilimtania kwamba hata kunichumbia hakunitazama namna ile.

Kisha macho yakaanza kumtupa. Hakusema. Mimi nilijua kwa chai, alipoanza kuimimina nje ya kikombe. Kwa karibu aliona bado, akitumia kioo cha kukuzia. Vya mbali vyote vilikuwa ukungu mweupe. Binti yetu alimsihi aende hospitali, akamjibu kwamba fundi huona kwa vidole. Mkaidi huyo, na mimi ndiye niliyemchagua.

Tulipokwenda kumzika dada yangu, nyuma huku mwenye bohari akaupaka ukuta wake rangi ya majivu. Tuliporudi nikamwambia wameupaka upya. Akasema afadhali, ulikuwa umechujuka. Nikadhani ameona. Ukuta mzima ule, nani asiuone?

Baada ya hapo ndipo mwalimu mstaafu, mteja wetu wa siku nyingi, alipoleta kamera yake. Mkewe alikuwa kitandani, hali mbaya, naye alitaka kumpiga picha kwa kamera ile ile aliyompigia wakiwa wachumba. Mume wangu aliifungua, akaisafisha, akaipeleka ukutani. Sindano ya kamera ikawa chini. Akaipandisha.

Mwalimu alirudi akiwa ameshafiwa na mkewe. Alipanga picha mezani moja moja. Mto ulionekana kwa mbali, na ukingo wa kitanda. Penye uso palikuwa giza tupu.

Hakufoka. Angefoka ingekuwa nafuu.

"Sikuja kugombana, fundi," alisema. "Nataka kujua tu kama ni mimi niliyekosea."

Alikuwa tayari kuambiwa ndiyo. Ilionekana usoni kwamba alishajihukumu njiani. Mume wangu aliisogeza picha moja mpaka ikagusa pua. Kisha akaomba kamera, akatoka nayo juani, akaielekeza ukutani, akachungulia sindano kwa kioo chake. Ilikaa pale pale anapopajua. Akainua uso kuutazama ukuta.

"Mama watoto," akaniita, "huu ukuta una rangi gani?"

Mwalimu akanitazama. Mimi sikulea watoto kwa uongo, sikuweza kuuanza uzeeni.

"Majivu."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike dada."

Akavuka barabara, akaweka kiganja ukutani, akaupapasa taratibu kama anavyotafuta skrubu iliyoanguka. Ukuta wenye giza alikuwa ameuhesabu mweupe. Kamera ikaamini mwanga upo tele, na mwalimu akabana tundu la lenzi linaloingiza mwanga, kama ilivyomwelekeza.

"Si wewe, mwalimu," akasema bila kugeuka. "Ni mimi. Sioni."

Ndiyo mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Mwalimu alikusanya picha zake, zote, hata ile nyeusi kabisa. Kamera aliiacha mezani.

Ipo bado kwenye kabati. Bisibisi ndogo nimeifunga kwenye kitambaa, mume wangu alinikabidhi jioni ile. Mchana hukaa mlangoni, uso ameuelekeza bohari. Mara nyingine huuliza kama wamepaka chokaa. Namwambia bado.